Dawa Isiyodondoka

Watu wa kile kilima kilicho nje kidogo ya Longisa hawaamini dawa mpaka waione ikidondoka. Ukimaliza kupiga dawa kwenye viazi vya mtu, mwenyewe hukufuata nyuma, akashika jani, akajifuta mkono kwenye shati. Shati likilowa, umefanya kazi. Lisipolowa, wewe ni mwizi kama wezi wengine, na ile chai iliyokuwa ikichemka jikoni haitatoka nje. Wala si ujinga huo. Miaka mingi wamepitiwa na watu wa pikipiki wenye makopo ya rangi za kupendeza, wakauziwa unga usiojulikana ni wa nini, na kila mara aliyeuza alikuwa ameshahama viazi vilipoanza kuoza. Ndiyo maana waliamua kuamini mikono yao wenyewe. Balaa ni kwamba Jackton Obiero alikuja kuishi kati yao na mashine ambayo, ikifanya kazi sawasawa, hailoweshi kitu.

Obiero alitoka kando ya ziwa akiwa na miaka kumi na tisa, sanduku la bati la mjomba wake kichwani, akaingia Kericho kuchuma majani chai. Mikono yake ilikuwa mizito. Wenzake walikuwa kwenye mzani na vikapu vimejaa, yeye bado yuko katikati ya mstari anachagua jani hili aache lile, mpaka msimamizi akachoka kumtukana. Akampeleka stoo ya dawa, mahali palipoogopwa na wote kwa sababu ya harufu. Huko ndiko alikokutana na Bwana Nyagaka.

Nyagaka alikuwa mwalimu wa wapiga dawa, Mkisii mfupi mwenye maneno machache na hasira za karibu. Hakufundisha kwa ubao. Alitundika nailoni nyeusi ukutani, akaweka juu ya meza pampu ya mota, ile inayopuliza dawa kwa upepo, akauacha uzi mwembamba wa maji utoke katikati ya mdomo wa bomba la upepo, jua likipiga kutoka ubavuni.

“Tazameni maji,” akawaambia. “Mimi mtanitazama mkilipwa.”

Mwanzo mota ilizunguka polepole. Uzi wa maji ukatoka, ukainama kufuata upepo, ukakatika vipande vinene vilivyoanguka sakafuni pwata, pwata. Akaongeza mafuta. Sasa uzi ukaanza kujinyonga, na mgongoni ukashika mawimbi madogo madogo. Akaongeza tena. Maji yakavimba yakawa vifuko vyembamba kama povu la sabuni, kila kifuko kikapasuka, na ukingo wake ukakatikakatika kuwa shanga. Alipofungua mafuta mpaka mwisho, mota ikalia hadi mabati ya stoo yakatetemeka, na uzi haukuonekana tena, wala vifuko. Maji yalikuwa yakichunwa pale pale mdomoni, na kilichotoka kilikuwa ukungu mweupe ulioelea mbele ya nailoni kisha ukapotea.

“Mnaona? Upepo wa polepole unasukuma maji,” Nyagaka akasema. “Upepo wa mbio unayararua. Yanashindwa kujishikilia. Tone kubwa likigonga jani linateleza, na likiteleza linazoa mengine linaenda nayo chini. Haya madogo yanaganda. Na upepo ukipindua jani, yanaingia chini yake, mahali ugonjwa unalala. Siku ukiona jani linadondoka, ujue umewapigia mchwa dawa.”

Vijana wengine walicheka wakaenda kunywa uji. Obiero alibaki mbele ya ile nailoni. Katika maisha yake yote aliwahi kuamrishwa, kusukumwa na kuitwa mzembe, lakini hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwa nini kitu kinakuwa vile kilivyo. Siku hiyo alielezwa, na akaipenda kazi ile kama watu wengine wanavyopenda mpira. Aliifanya miaka ishirini na sita. Mota ilimwachia sikio moja zito na maumivu ya mgongo, na hakulalamika.

Kisha zikaja mashine za kuchuma chai. Mashine moja ilichuma majani ya watu wengi, na wachumaji walipopunguzwa, walipunguzwa pamoja na waliowazunguka: wapishi, walinzi, wapiga dawa. Obiero aliondoka kambini na barua, godoro, na pampu moja kuukuu ya mota aliyoiomba kwa sababu ilikuwa inatupwa. Mkewe Molly alikuwa na mteja wa dagaa wa omena Longisa, karibu na hospitali, kwa hiyo wakahamia upande huo, wakapanga nyumba ya vyumba viwili kwa mtu aitwaye Bethwel. Binti yao Adoyo alikuwa ameshaolewa. Walikuwa wawili tu, na mota.

Kazi hakupata. Bethwel mwenyewe, ambaye ni mtu mwema asiye na choyo, alikuwa akipiga dawa mashamba ya majirani kwa pampu ya mkono ya lita ishirini, ile ya kubeba mgongoni na kusukuma kwa mpini, na alilowesha shamba mpaka mifereji ikatiririka. Watu walimsifu. Hesabu yao ilikuwa ya pampu: shamba hili linakula pampu nane, lile kumi. Obiero alipowaambia kwamba yeye atamaliza shamba la pampu nane kwa tangi moja na nusu, walimtazama kwa huruma, na baadhi yao si kwa huruma.

Aliyemtazama vingine alikuwa Janeffer Chemutai, mjane wa makamo aliyekuwa mwenyekiti wa chama cha akina mama wa kanisani. Alikuwa amepita nyuma ya nyumba ya Bethwel akaona vijinyanya ambavyo Obiero alivipanda na kuvipiga dawa kwa mota yake, vimesimama vibichi, na nyanya za Bethwel hatua kumi kutoka hapo zimekuwa nyeusi. Akasimama akatazama huku na huku.

“Baba Adoyo,” akaita, “hizi nyanya zako kwa nini zinakataa kufa?”

Obiero alimweleza. Alimweleza kwa nusu saa, mikono ikienda hewani, uzi wa maji, vifuko, shanga, ukungu. Janeffer hakuelewa yote lakini hakuondoka.

Sasa lazima ijulikane Janeffer alikuwa amebeba nini. Misimu miwili mfululizo ugonjwa ule wa majani kuoza, ambao kila mtu huku anauita blaiti, ulikuwa umemaliza viazi vya kilima kizima, na pamoja na viazi ukamaliza mbegu. Janeffer alienda kwa dada yake aliyeolewa upande wa Chepilat, akaomba, akapewa magunia mawili ya mbegu safi. Wanawake kumi na wawili wa chama wakakubaliana: mbegu yote ipandwe kwenye shamba la Janeffer, lililo juu na mbali na mengine. Kisiliwe hata kiazi kimoja. Ikivunwa, wagawane, na msimu unaofuata kila mmoja awe na mbegu yake. Zile mvua za Aprili zilipoanza, habari ikaja kwamba shamba la dada yake nalo limekufa. Kwa hiyo hakukuwa na magunia mengine popote. Kilichokuwa ardhini kwa Janeffer ndicho kilichokuwepo.

Shamba hilo alimpa Obiero alipige dawa.

Siku ya kwanza ya dawa wanawake walisimama kando ya ua na sweta zao, wengine na watoto mgongoni. Obiero alichanganya dawa kwa uangalifu, akaweka koki ya dawa kwenye namba ndogo, akafungua mafuta mpaka mwisho, akatembea na upepo nyuma yake kama alivyofundishwa. Majani yalipindukapinduka, ukungu ukaingia katikati yake, ukapotea. Alikuwa na furaha, tuseme ukweli. Zaidi ya mwaka hakuwa amefanya kazi anayoijua mbele ya watu.

Alipozima mota, Kogo Tapsabei akaingia shambani. Huyu ni ajuza wa miaka themanini na kitu ambaye kilima kizima kinamwita kogo, yaani bibi, na ulimi wake hauna breki. Akashika jani, akalipapasa, akajifuta kwenye leso. Akarudia la pili na la tatu.

“Obiero,” akasema kwa lafudhi yake ya kilimani, “hapa umepitisha upepo. Tawa iko wapi?”

“Iko hapo, kogo. Ni ndogo sana, lakini iko kila mahali.”

“Mimi macho yangu ni ya zamani, lakini mkono si wa zamani. Mkono inasema hakuna kitu.”

Wanawake wakacheka. Chai ilitoka, kwa sababu Janeffer aliitoa mwenyewe, lakini walikunywa bila kumtazama Obiero.

Wiki mbili zilipita, na shamba likasimama. Chini, ng'ambo ya barabara, viazi vya Bethwel vilianza madoa kwenye ncha za majani, madoa yakawa mabaka, mabaka yakashuka mashinani. Juu kwa Janeffer jani lilikuwa kijani kama siku ya kwanza. Ungedhani sasa watu wangesema kitu. Walisema shamba la Janeffer liko juu, linapigwa na jua mapema. Walisema ni maombi ya fulani kanisani Jumapili. Mota hakuna aliyeitaja.

Dawa ya pili ilipofika, Mei ilikuwa imeshika mvua za kila siku na ukungu wa asubuhi usiotaka kuondoka. Obiero alikuwa na hila yake moja ya mwisho. Kambini walikuwa wakipewa karatasi za manjano ambazo zikiguswa na tone la maji zinaweka doa la buluu, dogo kama tone lenyewe, na kwa hizo Nyagaka alihesabu kazi ya kila mtu. Obiero alikuwa amehifadhi kumi na moja kwenye kopo la kakao pamoja na mchele wa kufyonza unyevu. Alimwambia Janeffer awaite wanawake waje waone kwa macho, kwa kuwa mkono haukutosha.

Wakaja wote. Obiero akafungua kopo, akabandika karatasi kwenye majani, moja juu, moja chini, huku akieleza. Alipogeuka kuwasha mota, karatasi ya kwanza ilikuwa imeshakuwa buluu. Ya pili ikafuata. Ule ukungu wa asubuhi ulikuwa umezigeuza zote zilizobandikwa kabla ya dawa, buluu tupu, bila doa hata moja. Kogo Tapsabei akaichukua ile ya mwisho iliyobaki mkononi mwa Obiero, akaipumulia puu, ikageuka.

“Hata mimi ni mota,” akasema.

Wanawake walicheka mpaka wakashikana mabega. Obiero naye akacheka, kwa sababu mtu hawezi kusimama katikati ya kicheko kama kisiki, lakini moyo wake uliumia vibaya. Alijua, pale pale, kwamba hatapata nafasi nyingine ya kueleza.

Kicheko kilipotulia, mama mmoja akasema wazi kilichokuwa mioyoni mwa wengi: shamba ni la wote, mbegu ni ya wote, na safari hii wanataka kuona maji. Kama Obiero hawezi, Bethwel yuko hapo chini.

Janeffer akamvuta Obiero mpaka nyuma ya zizi la ng'ombe.

“Baba Adoyo, mimi naamini wewe,” akasema kwa sauti ya chini. “Lakini mimi ni mmoja na hao ni kumi na mmoja. Hii mbegu ikikufa na hawajaona maji, watasema mimi na wewe tulikula dawa. Wewe unaweza hama. Mimi nitazikwa hapa. Tafadhali, wapatie maji.”

“Mama, nikiwapatia maji, dawa yote inaenda kwa mchanga.”

“Si uwapatie maji na bado upige vizuri? Wewe ni fundi.”

Alijaribu. Mungu anajua alijaribu. Alifungua koki mpaka namba ya mwisho, akaacha mafuta juu kabisa, akapita mstari mzima. Majani yaling'aa kidogo. Kogo akapapasa, akatikisa kichwa. Wanawake wakatazamana, na mmoja akageuka kuelekea kwa Bethwel. Hapo Obiero akashusha mafuta. Mota ikatoka kwenye mlio ikaingia kwenye mngurumo, na dawa ikatoka mdomoni ikiwa uzi mnene uliokatika matone makubwa kama punje za mahindi. Yaligonga majani, yakateleza, yakadondoka. Aliona moja likishuka kwenye mshipa wa jani, likikusanya kila kitu njiani, likianguka kwenye udongo.

“Eeh!” wanawake wakasema. “Sasa!”

Tangi liliisha kabla ya robo ya shamba. Dawa ya chama iliyobaki ilikuwa imepimwa itoshe mara tatu zaidi, mpaka kuvuna. Yote ilimwagwa siku hiyo moja. Shamba lilipokwisha lilikuwa linatiririka. Kogo alijifuta mkono kwenye leso, leso ikalowa, akamwonyesha kila mtu. Walimletea Obiero ugali, mboga na maziwa mgando ya mursik kwenye kikombe kikubwa cha wageni, na Bethwel akapanda kutoka chini kuja kumpa mkono. Alikula. Alimaliza chote.

Alimsimulia Molly mchana huohuo, Molly akiwa anachambua omena mlangoni.

“Kwa nini hukukataa?”

“Ningekataa, wangemwita Bethwel. Ni yale yale.”

“Si yale yale,” Molly akasema bila kuinua macho. “Ingekuwa mkono wa Bethwel.”

Usiku mvua ilinyesha, na kesho yake, na siku tano mfululizo. Siku ya sita jua lilipochungulia alipanda kwa Janeffer. Akaipata ile harufu kabla ya kufika uani, harufu ya jani linalooza ambayo ukiijua huisahau. Akainua jani la kwanza akatazama chini yake: utando mweupe, pembeni mabaka meusi. La pili. La tatu. Alitembea mistari yote, kwa sababu alihisi kwamba anadaiwa kuitazama yote. Hakukuwa na dawa ya kupiga, na hata ingekuwepo ilikuwa imechelewa. Baada ya siku nane shamba lilikuwa mashina matupu yaliyolala.

Walichimba wote kumi na wawili, na Obiero akaenda kusaidia ingawa hakuna aliyemwita. Viazi vilitoka, na kwa nje baadhi vilionekana vizima, kwa hiyo mioyo ikaruka kidogo. Kisha Janeffer akakata kimoja kwa kisu. Ndani kilikuwa cha rangi ya kutu mpaka katikati. Akakata kingine, na kingine, mpaka mwenzake mmoja akamwondolea kisu mkononi. Kutoka shamba zima walipata ndoo isiyojaa, na hata hiyo Obiero alijua haitafika msimu ujao. Hakuna mbegu tena kwenye kilima kile.

Janeffer aliketi kwenye tuta, mikono ikiwa na udongo, akitazama ile ndoo. Obiero alisimama mbele yake na maneno yote yalikuwa tayari mdomoni: kwamba shamba lilikuwa limepona, kwamba lilikuwa linaishi, kwamba waliliua wenyewe siku ile wakishangilia, na kwamba yeye ndiye aliyeshika mota.

Kogo Tapsabei alimfikia kwanza. Akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

“Obiero, usisikie vibaya,” akasema, na safari hii hakukuwa na mzaha. “Sisi tuliona. Siku ya pili ulilowesha vizuri sana, hata Bethwel hawezi hivyo. Shida ni ile siku ya kwanza. Ungelowesha hivyo tangu mwanzo, saa hii tungekuwa tunagawana.”

Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Obiero akamtazama Janeffer, yule mmoja aliyemwamini, aliyezuia chai isirudi jikoni.

“Ni kweli, Baba Adoyo,” Janeffer akasema. Alisema kwa upole, kama mtu anayemsamehe mwenzake. “Ni mimi nilikuachilia siku ya kwanza. Tulichelewa tu.”

Obiero angeweza kusema. Lakini ukweli ungepita kwake uende ukaangukie nyuma ya zizi, kwa mwanamke aliyemwomba awape maji, na Janeffer ndiye atakayezikwa hapa.

“Pole, mama,” akasema. “Asante, kogo.”

“Alhamisi uje kwangu,” Kogo Tapsabei akamwambia, bado amemshika mkono. “Maharagwe yangu inaanza kugonjeka. Na uje ulowesha kama hapa.”

Obiero akasema atakuja.